Nafasi Aliyoiacha Bibi Ukutani

Mimi si mtu wa kushangazwa. Waulize watu wa Makambako. Shule niliiacha darasa la tano nikaifuata miti, nikaanza na msumeno wa mkono na shati moja, na leo ukifika Mahongole ukiulizia nyumba yenye bati la bluu na geti la chuma, hata mtoto atakupeleka. Nimelala porini na magogo huku fisi wananusa matairi. Nimeona lori la mbao linapinduka mbele yangu, dereva akatoka kwenye moshi anaulizia sigara zake. Nimetapeliwa, nimefilisika, nimesimama tena. Kwa hiyo nikikuambia kwamba nilimpakia kwenye gari langu mtu ambaye hakuwa mtu, usidhani nakuletea maneno ya kilabu cha ulanzi. Sikuwa nimekunywa. Tena ilikuwa mchana. Gari ninalo mpaka leo, ukitaka njoo ulione.

Mambo yalianzia Matamba, kule juu Makete. Nilinunua kiwanja chenye nyumba kuukuu ya udongo, nia yangu nijenge ghala la viazi. Aliyeniuzia anaitwa Yunisi, mama wa makamo anayeuza mboga sokoni Makambako. Nyumba ilikuwa ya bibi yake, marehemu, na Yunisi hakutaka hata kuisikia.

"Bomoa tu, bosi," aliniambia. "Nyumba ya tope ya nini zama hizi? Ukikuta panya ni wangu hao, nakuongezea bure."

Kabla sijabomoa akanijia binti mmoja, Faraja. Huyu ni mtoto wa mwinjilisti, kasomea sanaa huko pwani, akarudi Njombe na wazo lililochekesha watu: anataka kufungua makumbusho ya sanaa. Si ya mafuvu na mikuki, alisema, ya sanaa. Alikuwa ameazimwa godauni la zamani lililokuwa linawekwa magome ya miti ya miwati, na mwenye godauni alimpa sharti moja. Afungue maonyesho kabla mvua hazijaanza, watu waje, waonekane. Asipoweza, godauni linachukuliwa na mfanyabiashara wa mbolea.

Binti huyo ndiye aliyenipeleka ndani ya nyumba niliyoinunua mwenyewe, akanionyesha ukuta. Niseme ukweli, nilikuwa nimeingia mle mara kadhaa nikapima vyumba, na sikuwa nimeuona. Ukuta wa sebule, wote umesiribwa kwa mkono, udongo mwekundu, mweupe na wa kijivu. Mistari ya vidole inapanda na kushuka kama matuta ya viazi mlimani, halafu inageuka inakuwa mianzi, halafu inakuwa kitu kama ukungu. Ukisimama hapo macho yanatembea yenyewe.

"Bibi huyu amesiriba nyumba za kijiji kizima maisha yake yote," Faraja alisema. "Zote zimeondoka na mvua au zimebomolewa. Umebaki huu kwa sababu uko ndani. Mzee, bila huu mimi sina maonyesho. Nitakuwa nina godauni lenye picha zangu mwenyewe, na hizo hakuna atakayepanda gari kuja kuziona."

Nikamwambia nitamhamishia. Akadhani namaanisha picha ya simu. Nikamwambia ukuta, mama, ukuta wenyewe, na fito zake. Sharti langu likawa moja, kibao cha shaba chenye jina langu pembeni yake, herufi kubwa. Alikubali bila kubishana.

Sasa niambie, nani mwingine ukanda huu angeweza? Ukuta wa tope, kutoka Matamba mpaka Njombe, kwa barabara ile. Niliukata pande zote kwa msumeno, nikaubana kwa fremu ya mbao mbele na nyuma, nikauviringishia magodoro, nikaulaza kwenye lori juu ya pumba za mbao kama mgonjwa. Faraja akatuletea glovu nyeupe, mimi na vibarua wangu. Mikono iliyobeba magogo tangu ujana inavalishwa glovu kama ya mhudumu wa harusi. Vibarua walicheka hadi wakakaa chini. Lakini ukuta ulifika haujapata hata ufa wa unywele.

Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichonikera. Chini, upande wa kulia, karibu na pale mlango ulipokuwa, palikuwa na nafasi ukubwa wa sahani. Haijasiribwa. Fito zinaonekana. Mimi ni fundi bwana, sikabidhi kazi ina shimo, hasa kazi itakayoandikwa jina langu. Siku Faraja alipokwenda kuchapisha kadi za mwaliko, nikakoroga simenti, nikaziba, nikasawazisha kwa mwiko, nikapaka rangi nyekundu. Ukitazama kwa mbali hujui.

Siku chache baadaye zikaanza nyufa. Zilianzia palepale kwenye simenti, zikapanda juu kama mizizi. Udongo mweupe ukawa unadondoka vipande vipande.

"Nilikuomba usiguse kitu," Faraja alisema.

"Sijagusa. Nimetengeneza."

"Nani alikuambia umeharibika?"

Akakaa chini, sakafuni, na kadi zake mapajani. Maonyesho yalikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ukuta ukidondoka, godauni limekwenda, na mimi ndiye niliyelipeleka. Nikamwambia aache kulia, nitapanda Matamba nikalete udongo uleule tuzibe nyufa.

Asubuhi nikapanda peke yangu. Machimbo ya bibi yalikuwa nyuma ya nyumba, shimo lenye tabaka za udongo wa rangi zile tatu. Ndivyo jirani aliniambia, maana mimi sikuliona. Vibarua wangu walikuwa wamekwishalifukia kwa mawe na kifusi, tayari kwa msingi wa ghala langu. Ningelifukua kwa mikono? Niligeuza gari, mikono mitupu.

Ukungu ukanikuta njiani. Unaujua ukungu wa Kitulo? Mchana wa saa nane unawasha taa na bado unaendesha kwa kubahatisha. Hapo ndipo nikamwona, mama mzee kando ya barabara, kajifunga vitenge viwili na sweta, mkononi ndoo ya bati imefunikwa majani. Ndoo yenyewe mpini wake umefungwa kitambaa chekundu. Nikasimama. Nani angemwacha bibi kwenye baridi ile? Nikazunguka nikamfungulia, kwa sababu mlango wa abiria wa gari langu kitasa cha ndani kimekufa, lazima aliye nje akufungulie.

"Shikamoo, bibi."

"Kamwene," akajibu kwa salamu ya huku, akapanda, ndoo akaipakata. "Umechelewa."

Nikadhani ananichanganya na mtu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Hospitali ya Ikonda? Wazee wengi njia ile wanakwenda huko.

"Sina ugonjwa mimi. Nakwenda Njombe kazini."

"Kazini, bibi? Na umri huo?"

"Kuna kazi imefungwa mdomo. Nakwenda kuifungua."

Mimi nikikaa na mtu garini lazima nijieleze, ndivyo nilivyo. Nikamsimulia ukuta, msumeno, magodoro, kila kitu. Alisikiliza akicheka kidogokidogo, kicheko cha puani. Nilipofika kwenye kibao cha shaba akaniuliza, "Jina lako litaandikwa. Na aliyesiriba anaitwa nani?"

Niamini, tangu nimenunua ile nyumba sikuwahi kuuliza.

"Na ile nafasi ya chini umeiona?"

"Nimeiona, bibi. Nimeiziba. Ilikuwa imesahauliwa."

"Imesahauliwa." Akalirudia neno hilo taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Mwanaume huwezi kujua. Anayesiriba hamalizi ukuta. Anaacha mahali pa mkono wa anayekuja. Binti, mjukuu, mkamwana, yeyote. Akija anapajaza, na yeye anaacha pake. Ukiumaliza wote umesema nyuma yako hakuna mtu. Sasa wewe umekuja na simenti umemwambia mjukuu wangu asije."

Nikataka kumuuliza, mjukuu wako nani? Hapo nikatazama kioo. Baridi ilikuwa kali, pumzi zangu zilikuwa zimetengeneza ukungu upande wangu wote, nafuta kwa kiganja. Upande wake kioo kilikuwa safi, kikavu, kinang'aa. Alikuwa ameongea muda wote ule, na hakuna tone.

Sikumtazama tena. Nilishika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi wa udereva. Tulipofika Ikonda nikaegesha penye watu, nikasema naomba nimletee chai, na kwa kweli nilitaka tu kusimama karibu na binadamu. Nilinunua vikombe viwili. Mlango wa abiria niliuacha umefungwa, na nilikuwa naukazia macho tangu naondoka mpaka narudi.

Kiti kilikuwa kitupu. Ndoo ilikuwepo. Nilifunua majani nikakuta udongo mbichi, mwekundu, mweupe na wa kijivu, umepangwa vizuri kwa sehemu tatu.

Nilifika Njombe jua halijazama. Faraja alikuwa peke yake godaunini akikusanya vipande vilivyodondoka, anaviweka kwenye kitambaa. Sikumweleza kitu. Nikachukua nyundo na patasi, nikapiga magoti, nikaanza kuitoa simenti yangu.

"Mzee, utauangusha wote."

"Niache, mwanangu. Shika fremu."

Ilitoka kipande kimoja, kama kifuniko. Nikakigeuza. Nyuma yake, kwenye simenti iliyokauka kama jiwe, palikuwa na alama ya kiganja. Kiganja kidogo, vidole vyote vitano, kimekandamizwa kutoka ndani, kama mtu aliyekuwa anasukuma atoke. Faraja alikiona. Yupo, ni mzima, muulize.

Nyufa ziliishia hapohapo. Zile zilizokuwepo tulizijaza kwa udongo wa ndoo, yeye na mimi, vidole vitupu, glovu zikiwa mfukoni.

Ijumaa nikamleta Yunisi kutoka Makambako. Alikuja kwa kulazimishwa, njia nzima analalamika bamia zake zitanyauka. Alipoingia akaona ndoo kabla hajaona ukuta.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwa nini?"

"Ni ya bibi. Tuliiacha juu ya kaburi lake. Kitako nilikitoboa mimi mwenyewe kwa msumari, isije ikaibwa."

Tukaiinua. Tundu lilikuwepo, upana wa msumari. Na udongo ule ulikuwa umelowa mle ndani tangu jana bila kuvuja hata tone.

Yunisi hakukimbia. Aliusogelea ukuta, akaanza kuongea, sijui na nani. "Kila mwaka alikuwa ananiita, Yuni njoo, mahali pako ni hapa. Namwambia bibi, mikono itaharibika, sokoni watanicheka." Akavua kandambili, akapandisha kitenge, akapiga magoti pale kwenye nafasi. Hakuwa amewahi kusiriba maisha yake, mwenyewe kasema. Lakini vidole vilikwenda. Vilichukua mstari pale bibi alipouachia vikaendelea nao, na alipokaribia mwisho akasimama, akaacha mahali ukubwa wa sahani.

Jumamosi watu walijaa godauni mpaka nje. Walitoka Njombe mjini, Makambako, Makete, akina mama wenye umri wa Yunisi waliokaa mbele ya ukuta wakitajiana nyumba ambazo zimekwishabomoka. Mwenye godauni alikuja na mtu wa mbolea, wakala maandazi, na yule wa mbolea ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka. Sharti likatimia. Sasa yapo makumbusho, yana umeme, na kila baada ya mavuno mwanamke mmoja anaitwa kujaza nafasi na kuacha yake. Yunisi anafundisha watoto wa shule siku ambazo sokoni hakuna wateja wengi. Kibao kipo, nimekichonga mwenyewe kwa mninga. Jina la kwanza ni Rahabu, ndilo la bibi, na chini yanafuata ya waliokuja. Langu halipo na sijalidai. Aliyeubeba ukuta kila mtu anamjua.

Gari langu asubuhi za baridi bado linapata ukungu upande mmoja tu. Mafundi wawili wameshindwa kunieleza.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, hasa kama una fedha na haraka ya maendeleo kama mimi, nakuonya. Ukiingia nyumba ya mtu ukakuta mahali pameachwa wazi, usikimbilie mwiko. Uliza kwanza nani anasubiriwa. Na usijenge juu ya machimbo yao, kwa sababu ukuta ule kila mwaka unahitaji udongo wake. Mimi nilifukua kifusi chote kwa mikono ya vibarua wangu, ghala nikaliacha, kiwanja nikamwandikia Yunisi. Ukijumlisha kiwanja, kifusi kuingia na kutoka, lori, magodoro na mafuta, imenigharimu shilingi milioni tisa, laki tatu na elfu kumi na saba.