Kibao shingoni mwa binti yangu

Bado nasikia kile kibao kikigonga vifungo vya sare yake. Tok, tok, tok.

Shuleni kwao, ukiongea Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, unavishwa kibao mpaka jioni.
Leo asubuhi bibi yake alimletea ndizi getini. Mtoto akamwamkia kwa Kinyambo. Basi, kibao!

Nilipofika mchana nikamsemesha, akaziba mdomo kwa mkono.

Nikamvua kibao, nikamfuata mwalimu wake.
"Mama Neema, lugha ya nyumbani inawaharibu hawa."

Hapo simu ya mwalimu ikaita. Ni mama yake.
Akaongea Kinyambo kitamu, na kucheka juu!

Alipokata nikamnyooshea kibao. "Haya, vaa na wewe."
"Mimi ni mtu mzima!"

Wazazi mnaolitetea hili, njooni mnijibu hapa.
Neema nimeshamtoa shule hiyo. Yuko kwa bibi yake, kijijini Kaisho.