Kwenda Sayari ya Eli Kupitia Uru

"Huko anakokwenda kuna nani?"

Shangazi aliniuliza hivyo kwenye simu siku ya Alhamisi. Alikuwa akimzungumzia mwanawe Elibariki, ambaye kwa karibu mwaka mzima alikuwa amejifungia kwenye stoo ya zamani ya kahawa huko Uru, akitengeneza mchezo wa kompyuta. Mchezo wenyewe unahusu msafiri aliyeanguka na chombo chake kwenye sayari ya mbali. Unaona kwa macho yake na kutembea kwa mwendo wake. Hakuna wa kumpiga risasi. Kazi yako ni kutafuta njia ya kurudi nyumbani. Eli aliacha chuo cha uhasibu kwa ajili hiyo, na chuo kilikuwa kinafungua Jumatatu.

"Wewe umesoma, na hukubali kitu kirahisi," Shangazi alisema. "Njoo uende huko mpaka mwisho. Ukiniambia ni upuuzi, Jumatatu anapanda gari. Ukiniambia kuna kitu, namwacha mpaka tumalize kuvuna kahawa."

Sifa hiyo ya kutokubali kitu ilinianza kwenye darasa la kipaimara, nilipomuuliza mwalimu ni nani aliyekuwa akifagia safina. Nilimjibu Shangazi kwamba nitakuja. Moyoni nilikuwa nimeshamkatia Eli tiketi.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, niliondoka Moshi mjini kwa bodaboda. Mlima ulikuwa umejifunika, kama kawaida yake ukijua unatazamwa. Dereva aliuliza kama nakwenda msibani au harusini, maana watu wa mjini hawapandi Uru Jumamosi kwa sababu nyingine. Nikamwambia nakwenda sayari nyingine. Akasema atanishusha njia panda, kuanzia pale barabara ni mbovu.

Shangazi nilimkuta akiwakatia ng'ombe mgomba, mundu mkononi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama juu hadi chini, akatangaza kwamba nimekonda. Eli alisimama mlangoni mwa stoo akiwa na shati lililopigwa pasi na macho mekundu ya mtu ambaye hakulala.

"Dada Ndeshi," alisema, "usiende haraka."

Saa nne nilikaa mbele ya kompyuta. Stoo bado ilinuka magunia. Nilizinduka ndani ya chombo kilichovunjika, nikasikia pumzi zangu kwenye spika. Nikainamisha kichwa.

"Miguu yangu iko wapi?"

"Hiyo bado, dada."

Nilikuwa nimekuja na daftari. Nikaandika: kosa la kwanza, miguu. Nilipotoka nje nilikuta vumbi jekundu kama la Uru wakati wa kiangazi, na angani miezi miwili, mmoja kushoto na mwingine kulia. Vivuli vyote vililala upande mmoja. Kosa la pili. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na kipimo cha hewa iliyobaki, nacho kilikuwa kinashuka.

Kufikia saa tano nilikuwa nimeupata mfongo. Wasiotoka huku wajue kwamba mfongo ni mfereji unaoleta maji mashambani kutoka juu mlimani. Huu wa Eli ulikuwa mkavu. Nilifikiri kama mtu aliyesoma: maji hushuka, basi watu watakuwa kule maji yanakokwenda. Nikaufuata kuelekea chini mpaka ukaishia kwenye mchanga, hewa ikaisha, nikafa. Nikarudia, nikafa palepale. Mara ya tatu Shangazi aliingia na chai, akasimama nyuma yangu.

"Mfongo huo ni wa nani?"

"Wa mchezo, Shangazi."

"Nani ameusafisha?"

Nikatazama vizuri. Kweli, kingo zilikuwa zimekatwa, na takataka zimerushwa upande mmoja kwa mpangilio.

"Upepo hausafishi mfongo," alisema. "Watu wapo. Na anayefungulia maji yuko juu, hayuko huko unakokwenda kufia."

Nikageuka. Sikulipenda jambo lile. Miaka yangu minne ya chuo kikuu ilikuwa imeshindwa na mtu ambaye hata hakuwa ameweka mundu chini.

Kuanzia saa sita nilikuwa napanda. Kwanza nilikimbia, na hewa ikaisha kwenye kona ya kwanza. Shangazi, ambaye sasa alikuwa amejivutia kigoda, aliniuliza nakimbilia nini, wakati hata wazungu wanaokimbia mlimani wanashushwa kwa machela. Nikaenda polepole, na hewa ikatosha. Nilimuuliza Eli kama alikusudia hivyo. Akasema hajui mwendo mwingine wa kupandia.

Saa saba nilifika. Juu kabisa, kwenye kichwa cha mfongo, palikuwa na nyumba ya duara yenye paa lililochongoka, kama nyumba za Wachagga wa zamani, ila hii ilikuwa ya bati la chombo cha angani. Ilizungushiwa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopandia mipaka. Moshi ulikuwa unatoka juu. Mlango ulikuwa umefungwa.

Niliusukuma. Nilitafuta namba za siri. Niliizunguka nyumba mara tisa na kurusha jiwe. Nusu saa ikapita. Nilipogeuka nilimwona Eli anatafuna kola ya lile shati. Nikaandika kosa la saba: mlango. Kisha nikaweka kalamu chini.

"Eli, mimi nimemaliza."

Shangazi alinitazama kama unavyomtazama mtoto wa watu aliyekosa malezi.

"Umepiga hodi?"

"Shangazi, huu ni mchezo."

"Hiyo ni nyumba. Moshi unatoka. Umeizunguka nyumba ya watu mara tisa, umeipiga jiwe, na hodi hujapiga."

Nikamtazama Eli. Akaiachia kola. "Kile kitufe cha mkono, dada. Gonga mara tatu."

Nikagonga. Ko, ko, ko. Kimya. Nilitaka kusukuma tena, lakini Shangazi aliniwekea mkono begani. "Rudi nyuma. Muache mwenyewe avae."

Basi nikarudi nyuma mpaka kwenye masale, nikangoja. Eli aliinama chini ya meza akisema waya umelegea. Mimi na Shangazi tulitazama ule mlango. Sikutegemea kwamba ningeona aibu mbele ya bati la kuchorwa, lakini niliona aibu kwa ajili ya lile jiwe, kweli kabisa.

Mlango ukafunguka.

Ndani palikuwa na mafiga matatu, makaa yakiwaka, kigoda, na kibuyu cha pombe ambacho povu lake lilikuwa halijatulia. Hapakuwa na mtu.

"Wametoka kidogo," Shangazi alinong'ona. "Usiguse kibuyu."

Pembeni palikuwa na redio. Nilipoiwasha, taa za chombo changu ziliwaka kule chini bondeni. Safari ya kurudi chomboni ilikuwa nyepesi, ila kabla sijaondoka Shangazi alitaka niufunge mlango wa watu. Nikajaribu.

"Haufungiki, Mama," Eli alisema, masikio yamemwiva.

"Utaufanya ufungike," alisema Shangazi, na nadhani hakusikia mwenyewe alichosema.

Saa tisa alasiri nilikuwa Uru tena, nikiwa na miguu. Tulikula kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, ambacho kilikuwa kimepoa kikitungoja. Shangazi alinawa mikono, akaniuliza upya lile swali la Alhamisi. Daftari lilikuwa magotini, makosa saba, yote ya kweli.

"Sijui kuna nani," nilisema. "Lakini nilimwonea aibu."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Halafu akamwambia mwanawe kwamba kahawa inaanza kuiva, na asifikiri ataivuna kwa kipanya. Eli alitoka kwenda kukata majani ya ng'ombe bila kutumwa.

Nilirudi mjini na somo langu, nikawasimulia marafiki kwa muda mrefu: kijana wa Uru ametengeneza mlango usiofunguka kwa akili wala kwa nguvu, unafunguka kwa adabu tu. Mimi, niliyeulizia mfagiaji wa safina, sikuuliza hata swali moja.

Mpaka mchezo umekamilika, na watu wa nchi ambazo Shangazi hajui ziko wapi wanapiga hodi na kungoja nje ya masale, ndipo Eli aliponiambia. Mlango ule aliuharibu mwenyewe alfajiri ya siku ile, akiurekebisha haraka ili unipendeze, ukawa haufunguki kabisa. Zile ko tatu zingesikika hata ningeligonga jiwe. Tulipokuwa tumerudi nyuma kumngoja mwenyewe avae, yeye alikuwa chini ya meza na kibodi ya pili, akiufungua kwa kidole. Hodi yenyewe aliitengeneza Jumatatu, siku ambayo angekuwa ndani ya gari.