Samniang na Vidonge Vyeusi

Samniang hakuwa mtu wa kuambiwa kaa akakaa. Alipokuwa msichana, baba yake alimchagulia mume mwenye nyati wengi na mashamba mapana. Yeye akaondoka na mpiga zumari asiye na hata kuku, na mpaka siku maiti ya mpiga zumari huyo inachomwa hekaluni, kama ilivyo desturi yao, hakuna aliyemsikia akijuta. Kijijini kwao, katika nchi ya mpunga ya kaskazini-mashariki mwa Thailand, waliomjua walimjua kwa mikeka yake, na wasiomjua kwa mikeka walimjua kwa mdomo.

Mikeka ya kwao hufumwa na watu wawili. Mmoja huchomeka tete, mwingine hulipiga kwa ubao likakaa mahali pake. Mwenzake Samniang alikuwa Chanpheng, jirani na shoga yake tangu wote wawili hawajaota meno ya utu uzima. Walikaa chini kutwa nzima, miguu wameikunja, wakisengenya kijiji kizima kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, kisha wakirudi upya.

Samniang alipovuka miaka sitini magoti yakaanza ubishi. Asubuhi aliyashika kwa mikono na kuyanyoosha kama mtu anayekunjua waya. Akaenda zahanati. Mhudumu alimwandikia vidonge vya kutuliza maumivu bila kuinua kichwa.

"Umri huo, bibi."

"Umri nilikuja nao," Samniang akasema. "Mimi nimekuuliza goti."

Mhudumu akaita mgonjwa mwingine.

Ndipo akaja Khamsing. Alikuwa mtoto wa binamu yake marehemu, mwanamume wa makamo mwenye pikapu, kipaza sauti na maneno matamu. Aliuza vidonge vyeusi, vidogo kama mavi ya mbuzi. Dawa ya mizizi na asali, alisema, haina kemikali hata chembe, siri ya mtawa mmoja wa msituni. Na nani angemtilia shaka? Bati jipya la ukumbi wa hekalu lilikuwa sadaka yake.

"Shangazi, meza asubuhi na jioni," alimwambia. "Usipocheza kwenye sikukuu ya roketi, njoo unitemee mate."

Na kweli alicheza. Hazikupita siku nyingi magoti yakanyamaza, na wakati wa kurusha roketi za mianzi kuomba mvua, Samniang alikuwa mbele ya wote, matope mpaka mapajani, akiimba matusi ya sikukuu yaliyowafanya wanaume wazima watazame chini. Chanpheng, ambaye mgongo ulikuwa unamsumbua, akanunua chupa yake siku hiyohiyo.

Miezi ikapita. Mashavu ya Samniang yakajaa, uso ukawa duara.

"Umenawiri, shoga," Chanpheng alimtania. "Sura kama mwezi wa siku ya kumi na tano. Utaposwa!"

"Akija mwenye meno yote nitamfikiria."

Walicheka, lakini mwilini mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Ngozi ya mikono ikawa nyembamba kama karatasi ya kufungia vitumbua. Akigusa mti wa kitanda cha kufumia, ngozini linabaki doa jeusi la damu iliyovilia. Tumbo likamuunguza. Kiu haikuisha. Binti yake Ratsami, aliyefanya kazi dukani mjini wilayani, alipokuja kumtembelea alimshika mkono akashtuka.

"Mama, nani kakupiga?"

"Nani wa kunipiga mimi? Ni mikeka. Kula wali wako."

Katikati ya msimu wa mvua Khamsing akaenda kuuza kusini, na chupa ya Samniang ikaisha. Siku ya kwanza magoti yalirudi kumkaripia. Baadaye mwili mzima ukalegea, akatapika kila alichokula, na asubuhi moja akaanguka kando ya mtungi wa maji akiwa na kata mkononi. Ratsami alimkuta hospitali ya wilaya, dripu imening'inia, mdomo mweupe.

Daktari alikuwa msichana mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Akauliza ametumia dawa gani.

"Sijatumia kitu," Samniang akasema.

Ratsami akatoa kwenye mkoba chupa tupu aliyoipitia nyumbani na kuiweka kitandani. Daktari akainusa, akatazama uso ule wa duara na madoa ya mikononi, akavuta kiti.

"Bibi, humu ndani kuna mtu amesaga steroidi. Ni dawa ya kweli. Mimi mwenyewe huwapa wagonjwa, kwa kipimo, nikiwa nawaangalia. Lakini wewe umemeza kila siku bila kujua kiasi. Inazima maumivu kama mtu anavyozima taa. Ugonjwa wa goti uko palepale gizani. Inalainisha mifupa, inapandisha sukari, inakula tumbo. Na mwili wako una tezi ndogo juu ya figo zinazotengeneza dawa ya namna hiyo zenyewe. Zimeona unaletewa ya bure, zikalala. Ulipoacha ghafla, hakukuwa na ya nje wala ya ndani. Ndiyo maana umeanguka. Sasa tutakupa ya kipimo, tuipunguze polepole mpaka tezi ziamke."

"Nitameza tena kitu hichohicho?"

"Kitu hichohicho. Lakini sasa unajua unachomeza."

Samniang akaigeuza chupa mkononi. Kisha akasema, "Daktari, watu wenu waliniambia ni umri. Yeye aliniambia nitacheza. Wewe ungemfuata nani?"

Daktari akatazama chupa. "Yeye," akasema.

Khamsing aliporudi kutoka kusini alimkuta Samniang ameshatoka hospitali, ameketi barazani kwake mwenyewe. Alikuja na kapu la matunda.

"Shangazi, sisi ni damu moja. Tusivuane nguo mbele ya watu."

"Ulikuwa unajua?"

"Mimi nauza tu. Natengenezewa." Akatabasamu. "Halafu, kusema kweli, ulicheza au hukucheza?"

"Nilicheza. Nyumba ikiungua pia huangaza, Khamsing. Chukua kapu lako."

Jioni hiyo Ratsami alimsihi. Yule ni ndugu, kaezeka hekalu, watu watasema shangazi anamwonea wivu. Amepona, anyamaze.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Na mimi nimeshazaa, sina la kuficha."

Siku ya kumaliza mfungo wa mvua, ile miezi mitatu ambayo watawa hutulia hekaluni bila kusafiri, kijiji kizima kilikuwa hekaluni. Watawa walipokwisha kula, Samniang alimwinamia mkuu wao, akaomba ruhusa, akasimama kwa fimbo. Akakunja mikono ya blauzi mpaka juu. Ukumbi ukaona madoa yale, meusi na ya zambarau, kutoka viganja mpaka mabegani.

"Mliniambia nimenawiri," alisema. "Tazameni kunawiri kwenyewe. Vidonge vya Khamsing vina dawa ya hospitali ndani, mmefichwa, na vimenilaza kitandani nusura nife."

Khamsing akacheka. "Msameheni mzee, dripu imempanda kichwani."

"Wewe imekukataa, Samniang!" Aliyesema ni Chanpheng, uso wake nao umeshakuwa duara. "Sisi imetukubali. Usitunyime mgongo wetu kwa sababu ya magoti yako!"

Hayo yalimchoma kuliko kicheko. Lakini alikuwa amejiandaa. Afisa wa afya wa tarafa, ambaye Samniang alimfuata mwenyewe ofisini akakaa mlangoni mpaka afisa huyo akakubali kuja, alikuwa nyuma ya nguzo na kipimo chake cha steroidi.

"Toa kimoja cha kwako, shoga. Si changu. Cha kwako."

Chanpheng akasita, halafu kwa hasira akafungua mkoba na kutoa kidonge. Afisa akakiponda, akakichanganya na maji, akadondosha matone. Wakasubiri. Mistari ilipojitokeza aliinua kipimo watu wakione. "Ipo," akasema. "Na si kidogo."

Ukumbi ukavurugika. Wanaume wakainuka, wanawake wakaanza kupekua mikoba, mmoja akarusha chupa yake dirishani.

"Okota!" Samniang akapiga ubao wa sakafu kwa fimbo. "Okoteni hizo chupa! Msiache leo! Mimi niliacha ghafla nikaanguka. Nendeni nazo hospitali, muonyeshe, mpunguziwe. Mkishapona ndipo mzitupe, na mkitaka mtupieni mwenyewe."

Pikapu ya hospitali ilikuja kuwachukua wiki hiyo, ikajaa mara mbili. Maboksi ya Khamsing yakakamatwa, akatozwa faini, akahama. Lakini si wote waliomshukuru Samniang. Sokoni kuna waliompa mgongo. Maumivu yao yalikuwa yamerudi na walimhesabia yeye. Wengine walidai kipimo kilikuwa cha uongo.

Chanpheng hakwenda hospitali. Aliendelea kumeza akiba yake na hakumsemesha mwenzake. Kila asubuhi Samniang alijikokota hadi kwenye ngazi zake na kuketi.

"Ondoka."

"Sijaja kwako, nimekuja kwenye ngazi."

"Nitakumwagia maji."

"Mwaga. Joto hili."

Aliketi hivyo mpaka mavuno yakakaribia. Siku Chanpheng alipoinama kuokota ungo na kitu kikalia mgongoni mwake, hakuwa na haja ya kuita mbali. Mfupa ulikuwa umepasuka, ulikwishalainika. Alirudi kutoka hospitali mfupi kuliko alivyokwenda, na maneno ya kwanza aliyomwambia Samniang yalikuwa, "Usiniambie, 'Nilikuambia.'"

"Sikuambii. Sogea nikukande miguu."

Magoti ya Samniang yanauma mpaka leo. Amefundishwa kuyanyoosha kitini, kuyakanda kwa maji moto, kupunguza uzito. Daktari alimweleza pia juu ya kubadilishiwa goti, kuwekewa la chuma: sukari yake ingechelewesha kidonda kupona, na mifupa iliyolegea hushika chuma kwa shida; ingewezekana, ila kwa hatari yake. Samniang alisikiliza yote, akauliza maswali mpaka foleni nje ikaanza kunung'unika, kisha akasema hapana kwa mwaka huu. Atakwenda akitaka mwenyewe.

Juzi mwanamke mmoja mpita njia alimwambia kuwa ng'ambo ya mto, wilaya ya jirani, kuna mtu mpya mwenye pikapu. Vidonge sasa ni vya kahawia. Sauti ya kipaza ni ileile.

Samniang akafuta mikono, akatafuta fimbo, akamwita binti yake, aliyekuwa amekuja kumtembelea na amelala baada ya chakula.

"Ratsami! Washa pikipiki."

"Mama, jua hili? Na huko hatujui mtu."

"Watatujua," akasema, na tayari alikuwa anashuka ngazi, moja moja, akiguna.