Mama Spana agomea rimu zilizomchomea mumewe breki

Jua halijapanda vizuri, na tayari lori limekaa juu ya magogo katika yadi ya kampuni ya usafirishaji, magurudumu ya nyuma yamevuliwa. Rimu za chuma, nene, nyeusi tii, zimeegemezwa ukutani zikisubiri kufungwa. Zitasubiri sana. Fundi wake amekaa juu ya tairi bovu anakunywa chai, spana kaitupa chini.

"Waje wafunge wenyewe," anasema Mama Spana. "Mikono wanayo."

Amefunga magurudumu katika yadi hii tangu kifungua mimba wake akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa mtoto huyo anakaribia kumaliza sekondari. Mshahara ni wa kuungaunga, wa mumewe hivyohivyo, na siku zote hizo hajawahi kugoma. Leo kagoma, na ukimuuliza sababu, uwe na nafasi ya kusikiliza.

Sababu ni huyo mumewe, dereva wa kampuni hiyohiyo, ambaye wenzake wanamwita Kobe. Si kwa ubaya. Anaendesha taratibu kiasi kwamba wanamtania akipakia ndizi mbichi hufika zimeiva.

Sasa Kobe yuko nyumbani, kasimamishwa kazi. Kosa aliloandikiwa: mwendo kasi mteremkoni.

"Kobe! Mwendo kasi!" Mama Spana anapiga makofi kwa uchungu. "Huyo hata mezani ni wa mwisho kunyanyuka. Jamani, ukitaka kumsingizia mtu, si ufikiri kwanza?"

Ilivyokuwa ni hivi. Kampuni ilitaka kubeba mizigo mizito zaidi, bosi akanunua rimu nene. Mama Spana ana kawaida yake: kabla ya kukaza nati, huingiza mkono kwenye tundu la rimu kupima nafasi iliyobaki mpaka kwenye dramu, lile pipa la chuma ambamo breki hushikia. Kwenye rimu za zamani mkono uliingia wote. Kwenye hizi, hata kidole kilipita kwa shida.

"Breki ikishika inatoa moto, na moto lazima utokee mahali," anaeleza, akiipiga rimu teke. "Hii imelikumbatia dramu, na matundu yenyewe ni ya kuchungulia. Upepo upite wapi? Na breki ikizidi moto, haishiki tena. Ni kama kupika umefunga mlango na madirisha, halafu umlaumu mpishi kwa moshi."

Alimwambia bosi. Jibu alilopewa ni hili: "Mama, chuma ni chuma. Wewe funga." Akafunga, maana amri ni amri na watoto wanakula.

Lori lilikuwa la Kobe. Alipofika kwenye mteremko mrefu akaanza kuteremka na gia ndogo, kama kawaida yake. Katikati ya mteremko akaona kwenye kioo cha pembeni moshi ukitoka magurudumu ya nyuma.

"Nilikanyaga breki mguu wote. Gari wala halina habari na mimi," alisimulia jana nyumbani kwao. Alilipeleka kwenye tuta la mchanga kando ya barabara, likazama, likasimama. Kisha akafanya wanachofanya madereva wengi hapa wakifika chini: akachukua dumu la maji akayamwagia magurudumu. Dramu lililokuwa likiwaka likapasuka.

"Hapo nilikosea," Kobe akakiri.

"Ulikosea ukishapona, baba watoto," mkewe akamkatiza. "Waliokosea kabla yako hawajaandikiwa chochote."

Ofisi imelishika dramu lile kuwa ushahidi wa mwendo kasi, eti breki huchemka hivyo dereva akikimbiza. Rimu nazo, kwa kuwa hazikuvunjika, zimefutwa vumbi na kuletwa zifungwe kwenye lori jingine. Hebu fikiria! Dereva wa lori hilo amesimama getini na begi lake la safari.

Bosi anaingia, simu mkononi.

"Mama Spana, gari linatoka saa ngapi?"

"Likishafungwa."

"Linafungwa lini?"

"Zikija rimu."

"Rimu si hizo?"

"Hayo ni majiko, bosi."

Dereva wa getini anacheka, kisha anajifanya anakohoa. Bosi hacheki. "Basi naleta fundi mwingine. Na wewe ujue pa kwenda."

"Mlete. Nitampimisha nafasi kwanza, ndipo akaze."

Bosi anageuka kwenda ofisini. Dereva anaweka begi chini, anachuchumaa kwenye rimu moja na kuikagua.

Kikao cha kuamua hatima ya Kobe ni leo mchana. Mama Spana hakualikwa. Ataingia hivyohivyo na rimu mbili, ya zamani na mpya, na anataka mambo mawili: mumewe arudishwe kazini, na hizi zisifungwe kwenye gari la mtu yeyote. Anajua jioni nyumba yao inaweza kubaki bila mshahara hata mmoja.

"Naogopa, nisikudanganye," anasema, akiinuka na kuipindua rimu isimame ili aibiringishe. Kisha anamtazama mwandishi wa habari hizi moja kwa moja.

"Lakini Kobe kapona, mdomo wa kujitetea anao. Wangapi wamekufa kwenye mteremko ule, nanyi mkaandika gazetini 'mwendo kasi', mkaenda kulala?"