Rundo la Mama Makombo

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Makombo, na jina hilo alilipata kihalali: kazi yake ilikuwa kurudisha motoni kile ambacho hakikushikana vizuri.

Ngoja nikuelezee taratibu. Tanuri la kuyeyushia madini halipendi vumbi. Vumbi huliziba pumzi. Kwa hiyo unga wa madini huchanganywa kwanza na makaa na maji kidogo ndani ya pipa linalozunguka, kisha huchomwa juu ya mkanda wa chuma mpaka ushikane kuwa mabonge. Mabonge hupita kwenye chekeche. Makubwa huenda tanurini. Yaliyovunjika, ndiyo makombo, hurudi kuanza upya.

Tatizo, makombo yalizidi kile kilichorudishwa. Yalimwagwa nyuma ya banda miaka nenda miaka rudi, hadi yakawa rundo lililolipita banda kwa urefu. Na chini yake, wenzangu, ulilala uwanja wa netiboli ambao Mama Makombo aliuchezea enzi za magoti mazima.

Siku moja akaja msimamizi. Walimwita Pasi, kwa kuwa hata ovaroli yake ilinyooshwa mpaka ikawa na mstari.

"Mama, wakubwa wameuchoka huu mlima. Mvua zikiukuta hapa, malori yanakuja kuuzoa ukatupwe. Na kikosi chenu cha kurudisha makombo kinavunjwa."

"Sisi tunazolewa na lori lipi?"

Pasi hakucheka. "Ndiyo maana nimekuja mapema. Mkiumaliza kabla ya mvua, hakuna cha kuzolewa."

Basi wakalivaa rundo kwa pupa. Koleo juu, koleo chini, makombo tele kwenye mkanda. Mabonge yakatoka mepesi kama biskuti, yakavunjika chekecheni, yakarudi kuwa makombo. Asubuhi rundo lilipungua, jioni likarudi na nyongeza.

Nyumbani wifi yake alimpokea mlangoni. "Mlima haujambo?"

"Umenenepa."

"Lazima unenepe. Unatunzwa kuliko kaka yangu."

Mama Makombo alicheka, lakini sahani aliisukuma kando. Kikosi kile ndicho kilichokuwa maisha yake.

Kesho yake alisimama penye mdomo wa pipa, akachota mchanganyiko, akaufumba kiganjani. Siku zote ukiufumba hushikana. Huu ulimwagika kama mchanga. Akatazama bomba: maji yalikuwa yaleyale. Akaokota kombo lililotoka kwenye rundo, akalitemea mate. Mate yakazama papo hapo.

"Pasi, njoo uone. Yamekaukia juani miaka yote hii. Yanayanywa maji ya unga kabla unga haujaonja."

Pasi akachuchumaa bila kujali mstari wa ovaroli. Akatema na yeye. "Tukiongeza maji pipani?"

"Unga utakuwa tope. Tuyanyweshe huku nje, tuyageuze, tuyafunike na turubai, yalale yameshiba."

"Sawa. Na tupunguze pupa," akasema Pasi. "Tupeleke kiasi ambacho unga unaweza kubeba, hata kama wakubwa watatuona wavivu. Nitasimama mimi mbele yao."

Wakafanya hivyo. Siku ya kujaribu, kikosi kizima kilijipanga mwisho wa mkanda kama watu wanaosubiri kuambiwa mtoto ni wa kike au wa kiume. Bonge la kwanza likaanguka. Halikufanya puu, lililia kama kigae. La pili nalo likalia. Chini ya chekeche makombo yakawa haba, mpaka mmoja akauliza kama chekeche limeziba.

"Halijaziba," akajibu Mama Makombo. "Limekosa kazi."

Tangu hapo rundo likaanza kukonda. Mawingu yakakusanyika, nalo likashuka: usawa wa paa, usawa wa dirisha, usawa wa kiuno. Hatimaye koleo la Mama Makombo likakwangua saruji, na juu ya saruji ukatokea mstari mweupe.

Wote wakashika mafagio. Waliendelea kufagia hadi duara la katikati likaonekana lote.

Malori hayakuitwa. Kikosi kilibaki, na wakubwa wakakipa kazi ya kuyanywesha makombo yote ya kiwanda. Jioni ileile ya kufagia wifi alifika na mpira kwapani, na Pasi akajitolea kumkaba Mama Makombo.

"Lakini Mama, magoti," akaonya Pasi.

"Nimeyarudisha motoni," akasema, akaruka.

Mpira ulipokuwa bado hewani, tone la kwanza la mvua likaangukia uwanja mtupu.