Majani Thelathini na Moja

Mtu akizima njiti ya kiberiti karibu nami, hata jikoni tu, mimi humwangalia kwanza mkono, kisha mdomo. Nataka kujua ameizima vipi. Ule moshi mwembamba unapopanda puani na harufu yake kali, najikuta tena nimechuchumaa ukingoni mwa kibonde, nina miaka tisa, gauni langu limejaa mbegu za nyasi, na moyoni nina hakika kwamba baba yangu mdogo ni mwongo.

Habari hii nimeiandika mara saba na mara saba nimeichana. Shule yangu ilibaki chini ya lava nikiwa darasa la tatu, na kuandika kwingine nilijifunza mwenyewe kwa kunakili magazeti ya kufungia samaki. Labda ndiyo sababu siamini sentensi zangu. Kila nikimaliza naona mahali nilipojipendelea. Safari hii nitajitahidi kosa langu nisilihamishe.

Nyumba yetu ya Murara, mjini Goma, ilikuwa ya mbao, na volkano ilipolipuka, lava ilipita juu yake bila hata kusita. Papa alikuwa fundi wa kushona. Miwani yake ilipotea katika msukumano wa watu. Cherehani haikupotea, hiyo aliikabidhi: mdogo wake, baba mdogo Kambale, alikuja mbio na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedeli, akaifunga cherehani juu yake kwa kamba, akasema tutaikuta kwake, upande wa Sake. Mama alikuwa ameshakwenda kwao Butembo kujifungua, kwa hiyo tulitembea wawili, mimi na papa, nikimshika mkono na kumwambia wapi kuna jiwe. Tulifika siku ya pili. Baba mdogo tulimkuta. Chukudu tuliikuta. Cherehani haikuwapo.

"Bale ba silaha bameikamata pale kwenye barieri ya barabara, yaya," baba mdogo alimwambia kaka yake, macho chini.

"Bamebeba cherehani, bakaacha chukudu?"

"Ndiyo, yaya."

"Basi waasi wa siku hizi banashona," papa akasema. "Nitaenda kuwaomba kazi."

Sikucheka, kwa sababu papa mwenyewe hakucheka. Tangu siku hiyo alikula chakula cha mdogo wake kama mtu anayetafuta mchanga ndani ya ugali.

Lazima mwelewe wakati wenyewe. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, milimani kulikuwa na wengine waliopigana na waasi, na katikati tulikuwa sisi, tukipima kila neno kabla ya kulijibu. Jirani akiuliza umelala vipi, ulijiuliza ametumwa na nani. Sasa mtu kama baba mdogo, anayepanda milima na upinde begani, anayepita vizuizi vyote na kurudi mzima, angekosaje kushukiwa? Watu walinong'ona. Papa alisikiliza. Na mimi nilimsikiliza papa akisikiliza.

Kwa wiki nyingi tulikula viazi vitamu na sombe, majani ya muhogo. Asubuhi moja baba mdogo akasema ameona nyayo za mbawala, dume, kwenye vichaka vilivyoota juu ya lava ya zamani. Alizoea kuwinda peke yake kwa upinde. Bunduki zilikuwa na wenyewe, na mlio wake uliwaita. Papa akaweka kikombe chini.

"Leo tutaenda pamoja."

"Yaya, wewe hauone hata mulango."

"Masika ni miwani yangu. Ataona kwa ajili yangu," alisema, akinishika bega.

Baba mdogo aliniangalia muda mrefu, kisha akacheka. "Miwani yenyewe inavaa gauni. Haya, mama Miwani, twende."

Alinifundisha njiani, na sijawahi kuwa na mwalimu bora. Usikanyage damu, tembea pembeni yake. Ukiona tone, usilifurahie, tafuta linalofuata. Na pale ulipoona tone la mwisho weka alama, ili ukipotea uwe na mahali pa kurudi. Kwa alama nilichana jani la mgomba vipande, vyote vya ukubwa wa kiganja changu. Kimoja kilipotoka kifupi, nilikitupa. Papa aliguna kwamba mbawala atakufa kwa uzee kabla sijamaliza kupima.

Mshale ulitoka kabla sijajua kwamba baba mdogo ameuvuta. Nilisikia tu kishindo kidogo, kama mtu aliyepiga godoro, kisha kitu chekundu chenye madoa meupe kikaruka na vichaka vikafunga nyuma yake. Tulikaa chini tukasubiri. Baba mdogo alisema mnyama aliyechomwa akisikia unamfuata hukimbia hadi nchi nyingine, lakini ukimwacha hulala karibu. Papa alikuwa akitikisa mguu. Alinong'ona sikioni kwangu: "Kwa nini anatuchelewesha?"

Swali hilo liliniingia kama mwiba, nikatembea nalo.

Nilifuata damu kwa saa nyingi. Tone juu ya jani, tone juu ya jiwe jeusi ambapo lazima uiname hadi uone linang'aa, mchirizi mrefu kwenye nyasi alipopita akijisugua. Niliweka jani, nikalibana kwa kijiwe, nikaenda mbele. Baba mdogo aliacha kabisa kunisaidia, akawa anasema tu, "Iko wapi, mama Miwani?" nami namwonyesha. Papa alishika mkanda wa gauni langu kwa nyuma, na kila nilipopata tone alisema "ehe!" kama watu wanavyojibu wimbo. Sidhani nimewahi kuwa na furaha kama ile, na ninaitaja kwa sababu ni sehemu ya kosa.

Jani la thelathini na moja nililiweka ukingoni mwa kibonde. Damu ilishuka humo, nyingi, mbichi. Chini kulikuwa na majani mabichi marefu kuliko popote tulipopita. Kulikuwa kimya. Macho yangu, yaliyokuwa yakisifiwa tangu asubuhi, yaliona damu, majani na mawe mawili meusi.

Baba mdogo alinivuta bega kwa nguvu hadi nikaanguka kwa matako.

"Mazuku," alisema. "Inaisha hapa. Turudi."

Neno hilo mtoto yeyote wa kwetu analijua. Ni hewa mbaya inayotoka ndani ya ardhi na kulala kwenye mabonde, haina rangi wala harufu, na anayeingia humo hatoki. Lakini pia ndilo neno walilotutishia nalo wakubwa wote. Kwenye shamba la miwa kulikuwa na mazuku. Nyuma ya duka lenye biskuti kulikuwa na mazuku. Nilikuwa nimekwisha kula miwa mingi sana ya mazuku.

"Nyama yote hii, na wewe unaniletea mazuku," papa alisema.

Baba mdogo alikata tete refu, akachomeka njiti tatu za kiberiti kwenye ncha, akaziwasha, akalishusha tete polepole kibondeni. Moto ulizima. Moshi ulirudi usoni kwangu. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye, siyo moto, na niliona shavu lake limejaa hewa. Leo najua alikuwa amebana pumzi, kwa sababu alikuwa ameinama. Siku ile nilijua ameupuliza.

Tulirudi, mimi mbele, papa ameshika mkanda wangu, baba mdogo nyuma. Niligeuka mara moja. Alikuwa anainama, anaokota majani yangu moja baada ya jingine na kuyatia mfukoni.

Hapo ndipo mambo yote yalipokaa sawa kichwani mwangu. Cherehani, barieri, kuchelewa, kiberiti. Anafuta njia ili arudi peke yake. Nyama itakwenda kwa wale watu wake.

Tulipofika, alipokwenda kuchota maji, nilimwambia papa kila kitu. Nilimwambia kwa mpangilio, nilitaka ukamilike. Papa aliniuliza jambo moja tu.

"Unaweza kukumbuka fasi zote ulipoweka majani?"

Ningeweza kusema hapana. Nilisema, "Zote, papa. Thelathini na moja." Nilisema kwa fahari. Hilo ndilo kosa ambalo mara saba nimelihamisha, nikimtwika papa, au njaa, au vita.

Tuliondoka kulipokucha, umande ungali mzito na hakuna upepo hata wa kutikisa unyasi. Baadaye nilijifunza kwamba hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote, hewa ile ikiwa imekusanyika na haijatawanywa na jua. Nilikuwa nimechana majani mapya, na nikawa nayaweka tena kila mahali, ingawa hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu kuonyesha kwamba sikukosea hata moja. Sikukosea hata moja.

Safari hii nilimwona mbawala kibondeni, pembe zinachungulia pale alipolalia majani. Papa mwenyewe aliziona.

"Keti hapa, usichafue gauni," alisema, sauti yake ina kicheko. "Tutamkaribisha Kambale kwa chakula chake mwenyewe."

Alishuka akapapasa hadi kwa mnyama, nyasi zikimfika kifuani. Akainama kushika miguu. Akapiga magoti, kama mtu aliyekumbuka kusali. Nilisubiri anyanyuke. Hakunyanyuka.

Nikaita. Nikaanza kushuka. Baada ya hatua tatu nilikuwa napumua haraka kama mtu aliyekimbia kutoka Goma, na hewa haitoshi. Ndipo nilipoona kwamba mawe mawili meusi yana midomo. Walikuwa kunguru.

Mkono ulinikamata shingoni mwa gauni ukanitupa juu kama kifurushi.

Baba mdogo alikuta kitanda cha papa kitupu, akakimbia, na majani yangu yakamwambia lililobaki. Alivuta pumzi, akashuka wima, shingo ameinyoosha juu kama anayevuka mto. Hakuinama. Alipitisha upinde chini ya koti la papa, akaunasa, akavuta. Alipanda, akahema mara mbili, akashuka tena. Mara ya tatu upinde ulivunjika, lakini papa alikuwa amefika kwenye mteremko, tukamvuta kwa mikono, yeye mkono mmoja na mimi mwingine.

Alilala kwenye umande, midomo rangi ya majivu. Baba mdogo alimpiga makofi mashavuni na kumwita, "Yaya! Yaya Paluku! Usinifanyie hivi, yaya!" hadi papa akakohoa, akatapika, akafumbua macho yasiyoona vizuri.

"Nyama iko wapi?" aliuliza.

Baba mdogo alicheka, na kicheko kikageuka katikati, akaketi chini akifunika uso kwa kipande cha upinde.

Hatukumchukua mbawala. Papa alipoweza kusimama, baba mdogo alimketisha juani, akaniambia, "Njoo, tuokote majani yako." Nilimwuliza kwa nini, na sauti yangu ilikuwa ndogo sana. Alijibu kama anajibu swali la kawaida.

"Kesho mutoto wa mutu atapita hapa na kuni. Ataona jani limebanwa na jiwe, ataona lingine. Atafuata."

Ndivyo tu. Alikuwa ametuambia ukweli tangu neno la kwanza, kwa neno moja lililo wazi, naye jana aliokota majani kwa sababu ileile. Lakini tulikuwa tumezoea mno kugeuza kila neno kuangalia nyuma yake kuna nani.

Tulipata thelathini.

Nilihesabu mara nne. Baba mdogo alisema upepo umelichukua moja, nami nikajua kwamba hapakuwa na upepo. Nyumbani sikula. Nilimwona mtoto mwenye kuni, nilimwona waziwazi, ana gauni kama langu. Papa alikuwa amelala, ameshika mkono wa mdogo wake hata usingizini, na baba mdogo aliutoa polepole, akachukua panga, akaondoka.

Alirudi jioni, mikono imechanika kwa miiba. Alitia mkono mfukoni.

"Hili hapa, mama Miwani. Thelathini na moja. Sasa kula."

Nililipokea. Majani yangu yalikuwa yameshanyauka kwa jua la mchana, na yalikuwa na kingo zilizonyooka, yote saizi moja. Hili lilikuwa bichi, linatoa maji, limechanwa kwa haraka upande mmoja.

Niliitazama mikono ile. Miiba ya kuokotea jani moja haiwezi kumchana mtu hivyo, na nilikuwa mkubwa tayari nilipoelewa kwamba mchana kutwa alikuwa akikata miiba na kukizungushia uzio kibonde kizima, ili lile jani lililobaki, popote lilipo, lisimfikishe mtu mahali.

Cherehani hatukuiona tena, na papa hakuiuliza tena. Mimi, kwa kuwa niko hivi nilivyo, bado naiuliza wakati mwingine, kimoyomoyo, halafu naona aibu. Lakini katika maisha yake yote uongo wa baba mdogo niliowahi kuushika kwa mkono wangu ni mmoja tu. Nikasema, "Aksanti, baba mdogo, ndilo lenyewe," nikaliweka juu ya mengine thelathini, nikala.