Kamba za Buti

Mkataba wa barabara ya Alunguli, mjini Kindu, ulitaka nusu ya vibarua wawe wanawake, nao walipwe sawa na wanaume. Ndivyo Falone alivyopata kazi ya kujaza mashimo, na ndivyo mama mwenye bendera ya kusimamisha magari alivyopewa buti mpya ambazo hakuzifunga kamba hata siku moja. Alisimama mguu mmoja barabarani, mwingine majanini, akisikia injini kabla ya wenzake wote. "Mama, funga kamba, utaanguka," Falone alimwambia. "Acha, mutoto wangu. Siku ya kukimbia, nani atanifungulia?" Wakati wa vita, lori la askari likinguruma, watu wa Kindu walijitupa majanini, aliyechelewa alibebeshwa masanduku ya risasi, na wengi hawakurudi.

Asubuhi ile lori la askari lilitokea konani bila kupunguza mwendo, na wanawake wameinama shimoni. Falone akamwona mama akichomoa miguu kutoka kwenye buti. Anatukimbia! Kumbe alikwenda peku hadi katikati ya njia, akainua bendera nyekundu, macho ameyafumba. Breki zikalia. "Falone," mama akanong'ona, "lori iko mbali?" Askari walikuwa wameanza kushuka. Falone akainama kuzifungua kamba za buti zake mwenyewe ili akimbie, lakini fundo lilizidi kukaza.